Pua ya Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Msomaji mwenye ramani asijichoshe. Na kama katika nchi yako yupo waziri anayefanana na wetu, mimi simo. Mshukuru Mungu kwa kukupa waziri, unyamaze.

Nchi yetu ilikuwa na matatizo ya kutosha, lakini yote yalikuwa ya zamani: maji, barabara, dawa. Matatizo ya zamani hayaalikwi mikutanoni. Ndipo Mheshimiwa Nyangalika, ambaye wakati huo alikuwa waziri asiye na wizara, akasafiri kwenda ng'ambo kwenye mkutano wa majengo ya kijani. Alirudi na begi la kalamu za bure na habari ya kutisha. Aliposhuka kwenye ndege alikataa kukanyaga sakafu ya uwanja mpaka alipotandikiwa gazeti.

"Ndugu wananchi," alisema akiwa juu ya gazeti, "sakafu zinapumua."

Akaeleza kwamba huko ng'ambo wataalamu wamegundua kuwa gundi, zulia, vanishi na sakafu za plastiki hutoa hewa isiyoonekana, ambayo huwasha macho na kubana kifua. Mwandishi mmoja wa habari, kijana asiyejitakia mema, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, sisi wengi wetu tunalala kwenye sakafu za udongo. Hatuna gundi wala zulia."

Mheshimiwa alimtazama kwa huruma. "Ndiyo maana nasema tumechelewa," akajibu. "Wenzetu tatizo wanalo tayari."

Ikaundwa Wizara ya Sakafu. Sheria ikapitishwa bungeni mara baada ya chakula cha mchana, wakati ambao wabunge wetu huwa na moyo mwepesi. Ilisema kila sakafu ya nchi inuswe, itakayokutwa na harufu ing'olewe, na mahali pake ibandikwe Sakafu Tulivu, ambayo huja kwa meli ikiwa imeviringishwa kama mkeka na kupigwa mhuri wa jani. Wakala wa Sakafu Tulivu, kwa bahati ya Mwenyezi Mungu, alikuwa shemeji yake Mheshimiwa. Nasema bahati kwa sababu Mheshimiwa mwenyewe alisema ni bahati, tena machozi yalimlenga.

Lengo lilikuwa moja tu: Baraza la Jani la Dunia litupe Majani Matano. Nchi yenye Majani Matano hupigwa picha.

*

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mambo yaliyonipata hayaeleweki.

Kwetu mtu akirudi safari hasalimii kwanza. Anavua viatu mlangoni, analala kifudifudi sakafuni, anaweka shavu kwenye udongo na kuvuta pumzi. Tunasema nyumba inamtambua. Akiinuka ndipo anaamkiwa, anapewa maji, anaulizwa habari za huko. Na sakafu za nyumba mbili hazinukii sawa. Udongo ni ule ule mwekundu, mavi ya ng'ombe ni yale yale, lakini kila ukoo una cha kutia: huyu majani ya mchaichai, yule karafuu iliyotwangwa, mwingine majivu ya muarobaini. Mama mkwe humfundisha mkwe wake mchanganyiko huo faragha, akishamwamini. Mke anayempenda mumewe husiriba sakafu upya asubuhi ya siku ya kurudi kwake. Mke aliyenuna humwachia sakafu kavu, na mwanamume akilalia sakafu kavu anajua kwamba ana kesi.

Mke wangu Mwasiti alitia mrehani. Alifundishwa na mama yangu, lakini nadhani mkono wake ulizidi. Miaka yote niliyokuwa nikitumwa mikoani na ghala la ushirika, kunusa magunia ya korosho ili yaliyoingia uvundo yasinunuliwe, sikuwahi kulalia sakafu kavu. Mara moja tu nilikuta mrehani umepungua, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesahau kumletea mkeka alioniagiza.

Binti yetu Tunu ameolewa mbali. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na Mama Tunu, na hiyo sakafu.

*

Kazi ya kunusa sakafu za taifa ilikuwa ya mashine. Mashine ilinunuliwa, ikafika bandarini, ikazuiliwa. Watu wa ushuru walisoma sheria mpya wakaona imeandikwa kwamba kifaa chochote kitakachoingia nchini lazima kiwe na cheti cha kutotoa harufu. Na cheti hicho, kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, hutolewa na mashine. Walikaa vikao. Kila kikao kiliwapongeza walioandika sheria kwa umakini wao.

Wakati huo Baraza la Jani lilikuwa linauliza. Mheshimiwa akatangaza mashindano ya pua.

Nilipelekwa na wakubwa zangu wa ghala. Tulifungwa vitambaa machoni, tukapangwa ukumbini, tukaambiwa tuseme tunachosikia. Wenzangu walisema uzalendo, maendeleo, waridi. Mimi sikulelewa kwenye siasa. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Nasikia samaki mkavu, ng'onda wa kukaanga, Mheshimiwa, na pilipili mbichi, kutoka upande uliokaa wewe."

Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa ametangaza redioni kwamba anafunga kuwaombea wananchi. Nilisikia jasho la mtu aliyekaa jirani yangu likibadilika.

"Huyu ndiye," akasema Mheshimiwa baada ya kukohoa. "Ule ulikuwa mtego, na yeye peke yake ameutegua."

Hivyo ndivyo mimi, Zuberi Ngwale, nilivyoteuliwa kuwa Pua ya Taifa. Nilipewa beji, kofia na mpiga tarumbeta. Tarumbeta ilipigwa siku ya uteuzi tu; baadaye waligundua kuwa shaba ina harufu.

*

Pua ya Taifa haiwezi kuishi kama pua za watu wengine. Walinisomea masharti. Nisile kitunguu, chumvi wala kitu kilichokaangwa. Nisioge kwa sabuni. Nisikumbatiwe. Nisikae karibu na mtu anayejipaka mafuta ya nazi, anayejifukiza udi, au anayepika kwa kuni, na nilipotafakari nikaona kwamba masharti matatu hayo yote yalikuwa yanamtaja mke wangu.

"Mpaka lini?" Mwasiti aliniuliza mlangoni, gari la wizara likiunguruma.

"Mpaka mashine itoke bandarini, Mama Tunu. Ikitoka, mimi narudi kwenye korosho zangu."

"Itatoka?"

"Serikali imeinunua. Haiwezi kuiacha huko."

Alinitazama vile anavyowatazama wauza vyombo. Halafu akanirekebisha kola, akakumbuka kwamba haruhusiwi kunigusa, akaondoa mkono. Nilitamani auache pale pale. Dereva alikuwa akituangalia, nikapanda gari.

Nilipelekwa kuishi kwenye Jumba la Jani, makao makuu ya wizara. Ni jengo zuri mno. Lina vioo vitupu, halina dirisha linalofunguka, na ndani limebandikwa Sakafu Tulivu toka chini hadi juu. Lilijengwa kwa ajili ya watumishi wote wa wizara, na watumishi walihamia kweli, wakakaa wiki kama mbili hivi. Ndipo mjumbe wa Baraza la Jani, mama mmoja wa ng'ambo mwenye viatu vya kamba aliyeitwa Madamu Lindekrona, alipokuja na kisanduku chake cha kupimia hewa. Alipima asubuhi kabla watumishi hawajaingia, akatabasamu. Alipima mchana, akakunja uso. Marashi, soksi, maandazi kwenye droo. Akaandika kwamba jengo lina Majani Matano likiwa tupu na Jani moja likiwa na watu.

Mheshimiwa hakusita. Siku ile ile watumishi walitolewa nje. Mpaka leo wanafanyia kazi chini ya turubai kwenye maegesho ya magari, jua likiwachoma na mvua ikilowesha mafaili, na saa za kazi zikiisha hulitazama jengo lao kwa fahari kabla ya kwenda nyumbani.

Kanuni za Baraza zilidai, hata hivyo, kwamba jengo liwe na mkaaji, la sivyo si jengo. Mkaaji huyo nikawa mimi, kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa sina harufu.

Ghorofa zote zile, na mimi. Kwanza nilifurahi, nikazunguka nikijaribu viti. Kila ofisi ilikuwa na kiti cha kuzunguka. Nilijizungusha nikachoka. Halafu nikaanza kuongea na lifti, kwa sababu ilikuwa inajibu. Ilikuwa na sauti ya mwanamke aliyerekodiwa, na ilisema "karibu" kila mlango ulipofunguka. Siku umeme ulipokatika na lifti ikanyamaza nilihisi kama nimefiwa. Najua ni upuuzi. Nawaambia tu ilivyokuwa.

*

Kazi nilifanya kwa uaminifu. Nilichukuliwa asubuhi kwenye gari lililosafishwa kwa maji matupu, nikapelekwa mtaa uliopangwa. Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya mtu, shavu chini, nikavuta pumzi, na karani wa wizara, amesimama mlangoni kwa umbali ulioruhusiwa, akaandika nilichosema.

"Moshi," nilikuwa nasema. "Maziwa yaliyomwagika. Mtoto mchanga. Mchaichai. Kuna bibi alikuwa analala pembe ile, hayupo tena."

Mwenye nyumba alitokwa na machozi, kwa sababu ilikuwa kweli. Karani aliandika: Imeshindwa. Kesho yake walikuja na sururu.

Mimi sikuwa na neno. Nilisema nilichosikia, kilichoandikwa kilikuwa cha karani. Lakini shida ilitokea tulipoanza kurudi kukagua zile nyumba zilizobandikwa Sakafu Tulivu. Nililala, nikavuta pumzi, nikaruka kama niliyeng'atwa na siafu.

"Gundi!" nikasema huku macho yakinichuruzika. "Gundi kali, na mpira ulioungua, na kitu kama dawa ya kuulia kunguni."

Karani aliweka kalamu chini. Nikaitwa kwa Mheshimiwa, ambaye alizungumza nami kupitia kioo.

"Bwana Pua," alisema kwa upole, "ile sakafu imeshapata mhuri huko ilikotoka. Kitu chenye mhuri hakina harufu. Ulichokisikia si harufu."

"Ni nini basi, Mheshimiwa?"

"Ni upya."

Nikashukuru kwa kuelimishwa. Tangu siku hiyo, kila nilipolala kwenye Sakafu Tulivu nilisema "upya," na karani akaandika Majani Matano, na watu wa nyumba ile wakapiga makofi huku wakikohoa. Jioni nilirudi Jumbani kulala juu ya upya mwingine mwingi zaidi. Asubuhi niliamka kichwa kikigonga.

Wale ambao sakafu zao ziling'olewa na hawakumudu Sakafu Tulivu walihamishiwa uwanjani, nje ya mji. Msiwahurumie haraka. Mheshimiwa aliwatembelea na kuwaeleza kwamba mtu anayelala juu ya nyasi hana sakafu, na asiye na sakafu hachafui hewa, kwa hiyo wao sasa ndio wananchi wa kijani kuliko wote. Aliwapungia mkono. Wachache walipunga pia, kwa mazoea.

Na mimi watu walianza kunikimbia. Nikishuka kwenye gari, milango ilifungwa mtaa mzima. Mwanamke mmoja nilimwamkia, akaziba pua yake kwa ncha ya kanga, kana kwamba mimi ndiye nanuka. Nilitamani kumwambia kwamba mimi ndiye mtu asiye na harufu kuliko wote nchini, serikali ina hakika. Lakini alikuwa ameshaingia ndani.

Nilimwendea Mheshimiwa kioo kwa kioo.

"Mheshimiwa, niruhusu niende bandarini niinuse ile mashine. Nikisema haina harufu, watu wa ushuru watairidhia, itatoka, nami nirudi nyumbani."

Alishtuka. "Mashine ni mkubwa wako kikazi, Bwana Pua. Mdogo hamkagui mkubwa. Tukiruhusu hilo, kesho nani atakayebaki salama?"

Niliona mantiki yake. Nikarudi kwenye lifti yangu.

*

Mtaa wetu ulifikiwa.

Mheshimiwa aliniita mwenyewe kunipa habari, na alikuwa amevaa suti ya kijani. Madamu Lindekrona anarudi kuamua hatima ya nchi, alisema. Atataka kuona haki inavyotendeka bila upendeleo. Je, upo ushahidi gani mzuri wa haki kuliko Pua ya Taifa kuihukumu sakafu yake mwenyewe, mbele ya kamera?

"Ikishindwa, Mheshimiwa?"

"Utakuwa shujaa."

"Na mke wangu?"

"Mke wa shujaa," akasema. "Uwanjani bado kuna nafasi."

Nililala chali juu ya Sakafu Tulivu na kuwaza. Nilijua hali ya Mwasiti. Ile nyumba ndiyo yote aliyo nayo. Aliijenga nami, alibeba maji ya udongo wake kichwani akiwa na mimba ya Tunu. Kifua chake hakipendi umande, na uwanjani umande ndio blanketi. Nikisema kweli, sururu. Nikisema uongo, kwa mara ya kwanza nitakuwa nimesema uongo kuhusu kitu nilichokisikia kwa pua yangu, na Mheshimiwa angejua, kwa kuwa nyumba ya udongo isiyo na harufu haijawahi kutokea. Nilijipa tumaini kwamba Mwasiti atakuwa na akili. Atakuwa ameiacha sakafu ikauke. Atakuwa ameipiga maji, ameifagia, amefungua milango wiki nzima. Sakafu kavu naweza kuitetea.

Lakini nikiri jambo. Chini ya mawazo hayo yote ya haki na sururu, nilikuwa na hamu tu. Nilitaka kuusikia ule mrehani. Nilikuwa na njaa nao kama mtu mzima anavyoweza kuwa na njaa na aone haya kuisema.

Siku ilipofika, mtaa mzima ulikuwa nje. Kamera, Mheshimiwa, Madamu Lindekrona na viatu vyake vya kamba, mafundi na sururu zao wamezificha nyuma ya gari kwa adabu. Mwasiti alisimama mlangoni amevaa kanga zake za sikukuu. Alikuwa amepungua. Hakunisalimu, kwa sababu mtu aliyerudi hasalimiwi kabla hajalala.

Nikavua viatu. Nikatazama ndani.

Sakafu ilikuwa mbichi. Ilikuwa nyekundu na laini, alama za viganja vyake zikionekana bado, nusu duara juu ya nusu duara toka ukutani mpaka mlangoni. Alikuwa ameisiriba upya asubuhi ile ile. Kijani cha mrehani uliotwangwa kilionekana waziwazi kwenye udongo. Alikuwa ametia mwingi, zaidi ya siku zote.

"Mama Tunu," nikanong'ona, "umefanya nini? Wataivunja."

"Waivunje," alisema, naye hakunong'ona. "Wewe umerudi. Mume wangu hawezi kulalia sakafu kavu mbele za watu, akadhani nimemnunia."

Nililala. Udongo ulikuwa baridi shavuni. Nikavuta pumzi.

Nikavuta tena.

Hapakuwa na kitu. Nilisikia hewa ikiingia, baridi yake tu, kama unavyovuta hewa kwenye chumba kisicho na mtu. Nikasogeza pua mpaka ikagusa udongo. Jani la mrehani lilikuwa mbele ya jicho langu, ningeweza kulilamba, na halikuninukia kitu. Nikafikiria uji wa asubuhi, nao sikuusikia harufu. Nikafikiria dereva, karani, mvua ya juzi. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipousikia ule upya wa Sakafu Tulivu, nikagundua kwamba nilikuwa nikiusema kwa mazoea tu. Pua ilikuwa imekufa huko Jumbani, juu ya gundi, bila kuniaga.

Sijui nililala pale muda gani. Watu walidhani ni desturi, wakangoja kwa heshima. Mwanamke mmoja alianza kulia. Karani akaguna.

"Bwana Pua? Unasikia nini?"

Mimi ni mtu wa kweli. Nikasema kweli.

"Sisikii kitu," nikasema. "Sisikii kitu kabisa."

*

Madamu Lindekrona alishangaa hadi akaomba kukaa. Nyumba ya udongo, isiyo na gundi, isiyo na meli, na haitoi harufu! Kisanduku chake kilikuwa kimeishiwa betri, akasema hana haja nacho, machozi ya mtaalamu yanatosha. Alikuwa ameyaona kwenye mashavu yangu. Mheshimiwa, ambaye alikuwa ameshaandaa hotuba ya kushindwa, alibadili kurasa mbili tu ikawa ya ushindi. Nchi ikapewa Majani Matano. Tulipigwa picha. Nyumba ya Mwasiti ikapigiliwa kibao cha kijani juu ya mlango, na mafundi wakaondoka na sururu zao.

Kabla sijarudishwa garini Mwasiti alinisogelea kwa umbali ulioruhusiwa. Macho yake yaling'aa.

"Umeiongopea serikali kwa ajili yangu," alisema polepole. "Wewe! Baba Tunu!"

Nilishindwa kumkatalia. Alikuwa amefurahi mno.

Siku chache baadaye Mheshimiwa aliniita. Baraza lilikuwa limeweka sharti dogo: Majani Matano ni ya muda, mpaka yathibitishwe na mashine. Kwa hiyo mimi nimepandishwa cheo, sasa nalingana na mashine, ruhusa ninayo. Niende bandarini niinuse, itoke.

"Halafu utarudi kwa mkeo," alisema. "Wewe si ndiye uliyeomba?"

Ndiye mimi. Nilikuwa nimeomba kila siku. Nilipelekwa bandarini, wakanifungulia ghala, nikaiona: kubwa kama jokofu, ya kijivu, bado imefungwa nailoni, na pua ndefu ya bati. Watu wa ushuru walijipanga na mihuri yao. Nikalala kando yake sakafuni.

Nilikuwa na jambo moja tu la kuamua, na lilikuwa jepesi, ingawa lilinichukua muda kulitoa kinywani. Mashine haichoki na haidanganyiki. Ikitoka, nyumba ya kwanza kunuswa itakuwa yenye kibao cha kijani. Itausikia mrehani wa leo na wa miaka yote iliyopita, na moshi, na mafuta ya nazi, na Tunu alipokuwa mchanga. Siku mimi nitakayorudi nyumbani ndiyo siku nyumba hiyo itakayong'olewa sakafu.

Nikainuka nikajipangusa magoti.

"Inanuka," nikasema.

Mheshimiwa akapauka. "Inanuka nini?"

"Ng'onda, Mheshimiwa."

Hakuuliza tena. Mashine ilisukumwa nyuma ya ghala, wakaifunika turubai. Walivyoniambia, kunguru wameanza kujenga juu yake.

*

Sasa naishi Jumbani moja kwa moja. Siwezi kujiuzulu, maana Pua ikijiuzulu lazima ipimwe, na ikipimwa vyeti vyote vitaanguka, na cha kwanza kile cha juu ya mlango wa Mwasiti. Nanusa sakafu za watu. Siku hizi zote nasema sisikii kitu, na zote zinapita, na Mheshimiwa anasifiwa kwa jinsi hewa ya nchi ilivyotakata. Shemeji yake amenuna.

Kwenye ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi, mafundi walisahau tundu la hewa. Linatosha mkono tu. Mwasiti aligundua lilipo. Huja Ijumaa, anakaa nje kwenye tofali, na mimi nakaa ndani, hatuonani. Wiki za kwanza alikuja na bonge la udongo wa sakafu yetu kwenye jani la mgomba, akalipepea kwa kanga kuelekea tunduni.

"Unasikia, Baba Tunu?"

"Nasikia, Mama Tunu."

"Si umekolea?"

"Umekolea sana. Mrehani wa mama."

Alikuwa akicheka. Nilimsikiliza akicheka, na wiki nzima iliyofuata nilitembea ghorofani nikiwa na kile kicheko.

Ijumaa iliyopita alipepea kama kawaida.

"Leo nimetia nini?" akauliza.

"Mrehani. Mwingi kuliko wa juzi."

Kanga ikaacha kupepea. Nilisikia watumishi kule maegeshoni wakigombania kivuli.

"Leo sikutia kitu," akasema. "Ni udongo wa barabarani. Niliuchota hapa hapa langoni."

Nikaweka paji la uso kwenye ukuta.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Niligundua siku ile, pale sakafuni."

"Kumbe siku ile hukuongopa."

"Sikuongopa."

Nilidhani anainuka kuondoka, na nikajua kwamba akiondoka sasa hatarudi, kwa nini arudi kumpepea mtu udongo asioujua. Nilitaka kumwita nikaona haya. Halafu nikasikia tofali likiburuzwa. Alikuwa analisogeza karibu na ukuta.

"Basi nitakuwa nakwambia," akasema. Akakohoa kidogo kusafisha sauti, kama mtu anayeanza kazi. "Asubuhi mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Udongo wa uani unanukia vile ulivyokuwa unapenda. Jirani amekaanga samaki, kaunguza upande mmoja. Kanga yangu ina moshi. Nimejipaka mafuta ya nazi, nimezidisha, nilijua nakuja kwako. Ndani nimesiriba jana..."

Nikalala kifudifudi juu ya Sakafu Tulivu, nikaweka shavu chini, nikafumba macho.

"Endelea, Mama Tunu," nikasema. "Nimefika mlangoni."